Nafasi ya wastani imeshuka, wasomaji wameongezeka: kisa cha blogu changa ya ufugaji

Mazingira ya kisa

Mwenye blogu ni afisa mifugo. Kwa miaka kadhaa amekuwa akizunguka vijijini kuchanja kuku na kushauri wafugaji, na kila alikokwenda aliulizwa maswali yaleyale: kifaranga achanjwe lini, kwa nini kuku wamezubaa, hii dawa ya dukani ni ya nini. Akaamua kuyajibu kwa maandishi. Alilipia jina la tovuti linaloishia na .co.tz, akasimika WordPress, programu ya kuendeshea blogu, kwenye hosting (huduma ya kuhifadhi tovuti) ya bei nafuu, akaanza kuandika kwa Kiswahili kuhusu kuku wa kienyeji na chotara. Alitaka kuwafikia wafugaji asioweza kuwatembelea, na baadaye apate chochote kutokana na matangazo ya maduka ya pembejeo za mifugo.

Aliponitafuta, blogu ilikuwa na umri wa nusu mwaka hivi na makala zipatazo arobaini. Ameridhia kisa chake kiandikwe. Jina lake, mkoa na anwani ya blogu vimeondolewa, na tarakimu zimezungushwa ili blogu isitambulike.

Jambo moja linapaswa kueleweka mapema, kwa sababu lina uzito kuliko vipimo vyote vitakavyotajwa hapa chini: makala zake zilikuwa nzuri. Anajua kuku. Ratiba yake ya chanjo ilipangwa kwa siku, ya 7, ya 14, ya 21, ya 28, ikaeleza nini cha kufanya mtu akichelewa, na ikaonya kwamba maji yenye klorini huua chanjo ya kunywa. Maelezo ya namna hiyo huyapati kwa mtu aliyenakili mahali.

Ombi la duka na kununua viungo

Hamu ya vipimo ilianzia kwenye duka moja la pembejeo. Mwenye duka alipenda wazo la kutangaza, lakini akaomba aletewe kwanza “Alexa rank” na “DA” ya blogu.

Cha kwanza hakikuwepo tena. Alexa ilikuwa huduma ya Amazon iliyopanga tovuti za dunia kwa kukisia wingi wa wageni wake, na ilifungwa tarehe 1 Mei 2022. Hadi leo wapo wanaoiulizia kwa sababu waliisoma kwenye mwongozo wa zamani. Cha pili kipo. Domain Authority, yaani DA, ni alama ya 1 hadi 100 inayotolewa na kampuni ya Moz. Inakisia uwezo wa tovuti kuonekana kwenye matokeo ya utafutaji, na msingi wake mkubwa ni viungo vinavyoelekea kwenye tovuti hiyo kutoka tovuti nyingine. Ahrefs nao wana alama yao, Domain Rating, inayotazama viungo vilevile kwa hesabu tofauti.

Blogu yake ilikuwa na DA 3. Kwa blogu ya miezi michache hilo ni jambo la kawaida kabisa, ila hakuwepo mtu wa kumwambia hivyo. Kwenye kundi moja la Telegram akampata muuzaji wa viungo aliyeahidi kuipandisha hadi 20 ndani ya wiki tatu. Akalipa.

DA ikapanda kweli, ikafika 17, na duka likaridhika kwa muda. Lakini mibofyo kutoka Google haikusogea hata kidogo. Baadaye tulipofungua orodha ya viungo tulikuta kurasa za kamari, saraka za lugha asizozijua, na maoni yaliyobandikwa chini ya makala za miaka mingi iliyopita, yote yakielekeza kwenye ukurasa wake wa mbele kwa maneno “best chicken website”.

Tofauti hiyo ina maelezo. Moz wana roboti yao inayohesabu viungo, na Google ina ya kwake. Google imesema mara nyingi kwamba haitumii DA. Hesabu yake ya viungo, PageRank, iliyoasisiwa na Larry Page na Sergey Brin walipokuwa Stanford, zamani ilionyeshwa hadharani kwa alama ya 0 hadi 10, lakini alama hiyo iliondolewa mwaka 2016. Tangu hapo hakuna mtu wa nje anayeiona, na anayekuuzia namba ya “mamlaka” anakuuzia makisio ya kampuni nyingine. Tena alama hizi hazipandi kwa hatua zinazolingana: kutoka 3 hadi 17 ni rahisi, ilhali kutoka 60 hadi 65 kunaweza kuchukua miaka. Ndiyo maana wauzaji wanazipenda blogu changa.

Grafu iliyomtia hofu

Alipoona DA haileti wasomaji, alifanya jambo la busara: aliunganisha blogu na Google Search Console. Zana hiyo ni ya bure na inaonyesha mambo manne: ni mara ngapi kurasa zako zimeonekana kwenye matokeo, ni mara ngapi zimebofywa, asilimia ya waliobofya kati ya walioona, na nafasi ya wastani kwenye matokeo, ambapo ya 1 ndiyo ya juu kabisa.

Kwa wiki kadhaa alitazama kipimo kimoja tu, nafasi ya wastani. Ilikuwa 9. Ikawa 14, kisha 21, kisha 27. Katika kipindi hichohicho alikuwa akiandika kwa bidii kuliko wakati wowote. Akahitimisha kwamba makala mpya ndizo zinazoivuta blogu chini, akaanza kuzifuta. Alikwisha kufuta sita nilipopokea ujumbe wake wa WhatsApp: “Kaka, blogu inakufa. Kila nikiandika nashuka. Nimeanza kupunguza makala, nifute ngapi?”

Nilimjibu, “Dada, usifute nyingine. Nitumie picha ya grafu yote, mibofyo ikiwemo.”

Picha ilipofika, mstari wa mibofyo ulikuwa unapanda. Ulipanda polepole, lakini bila shaka yoyote.

Hapa ndipo pa kukaa, maana wanablogu wengi wachanga hujikwaa papa hapa. Chukua blogu yenye makala moja tu iliyoonekana mara 100 ikiwa nafasi ya 4, watu 20 wakabofya. Nafasi ya wastani ni 4, kiwango cha kubofya ni asilimia 20. Sasa mwenye blogu anaandika makala ya pili. Ni changa, Google bado inaijaribu, kwa hiyo inaonekana mara 300 ikiwa nafasi ya 28, na watu 2 wanabofya. Ya kwanza haijaguswa. Jumla, blogu imeonekana mara 400. Nafasi ya wastani ni (100 × 4 + 300 × 28) ÷ 400, yaani 22. Kiwango cha kubofya ni 22 kwa 400, yaani asilimia 5.5. Vipimo viwili vimeporomoka, lakini wasomaji wameongezeka kutoka 20 hadi 22 na hakuna makala iliyopoteza nafasi yake.

Ni sawa na wastani wa shule inayopokea kidato cha kwanza katikati ya mwaka: wastani unashuka, na hakuna mwanafunzi wa zamani aliyefeli.

Ukifuta makala ya pili, wastani unarudi 4 na grafu inapendeza, lakini umepoteza wasomaji wawili pamoja na makala ambayo huenda ingefika nafasi ya 6 baada ya miezi mitatu. Hicho ndicho alichokuwa akikifanya.

Kurudisha na kuchuja

Kazi ya kwanza ilikuwa kuokoa zile sita. WordPress huhifadhi makala zilizofutwa kwenye Takataka kwa siku 30 kabla ya kuziondoa moja kwa moja, na zote zilikuwa bado zimo. Kuna jambo dogo linalowapotezea watu muda: katika matoleo ya sasa, makala iliyotolewa Takataka hurudi kama rasimu. Haionekani kwa msomaji mpaka uichapishe tena, kwa hiyo usiishie kubofya “rejesha” ukafunga kompyuta. Tulirudisha nne papo hapo. Mbili tuliziacha rasimu kwanza, kwa sababu nitakayoieleza.

Kisha tukaacha kutazama blogu kwa jumla, tukachuja ukurasa mmoja mmoja, na ndani ya kila ukurasa tukasoma maneno ambayo watu waliandika. Search Console huficha maneno yaliyotafutwa na watu wachache mno, kwa ajili ya faragha, hivyo jumla ya maneno haitalingana na jumla ya ukurasa. Ukiliona pengo hilo usidhani kuna hitilafu.

Ratiba ya chanjo ilikuwa imetulia nafasi ya 5 tangu miezi iliyopita, haikushuka hata siku moja. Makala nne zilikuwa zinagombea mada moja, ugonjwa wa kideri, yaani Newcastle: dalili, tiba, chanjo, na “ufahamu ugonjwa wa Newcastle”, kila moja ikiwa na aya tano au sita zinazofanana na za mwenzake. Zote zilielea kati ya nafasi ya 15 na 25, leo moja juu, kesho nyingine. Zile mbili tulizoziacha rasimu zilikuwa za kundi hili hili. Halafu kulikuwa na kurasa nane ambazo Google ilizifahamu lakini haikuziingiza kabisa kwenye faharasa yake, yaani orodha ya kurasa inazoweza kuzionyesha kwenye matokeo. Hizo zilikuwa fupi mno.

Kilichonishangaza zaidi kilikuwa maneno yenyewe. Vichwa vya makala viliandikwa kwa lugha ya chuo, ilhali wafugaji walitafuta wanachokiona bandani: “kuku kupinda shingo”, “kuku anahara kijani”, “kuku wanakufa ghafla dawa gani”. Kwa mtaalamu, shingo kupinda na mharo wa kijani ni dalili zinazomfanya ashuku kideri mara moja. Mfugaji hajui jina hilo bado, na ndiyo maana anatafuta. Zana ya kukisia wingi wa utafutaji aliyokuwa akiitumia ilionyesha sifuri kwa “kuku kupinda shingo”. Search Console ilionyesha kwamba blogu yake pekee ilikuwa imeonekana mamia ya mara kwa maneno hayo, ikiwa ukurasa wa pili. Kwa anayeandika kwa Kiswahili hili ni la kushika sana: zana nyingi za kulipia hazina takwimu za kutosha za lugha yetu, na sifuri yake haimaanishi kwamba hakuna anayetafuta.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulihusu viungo vya kununuliwa. Alitaka kutumia zana ya Google ya kuvikana, yaani kuiomba Google isivihesabu, iliyopo tangu 2012. Tulikagua kwanza ripoti ya adhabu zinazotolewa na wakaguzi wa Google, ilikuwa safi. Kwa hiyo tuliamua kuviacha vilivyo na kusitisha malipo. Google kwa kawaida hupuuza viungo vya takataka badala ya kuiadhibu tovuti nzima, na zana ile ikitumiwa ovyo unaweza kukana hata viungo vyema. Ingekuwepo adhabu kwenye ripoti, uamuzi ungekuwa mwingine.

Wa pili ulikuwa kuunganisha makala nne za kideri kuwa moja ndefu. Anwani iliyokuwa na mibofyo mingi zaidi ndiyo ilibaki, na tatu nyingine zikaelekezwa kwake kwa 301, ile alama inayoiambia Google kwamba ukurasa umehamia kwingine kwa kudumu. Alisita, akiona anapoteza makala tatu kwa mkupuo. Lakini zilikuwa zinagawana viungo na wasomaji wa mada moja, na mfugaji ambaye kuku wake wanakufa hahitaji kufungua kurasa nne. Makala mpya ilianza na dalili kwa maneno ya bandani, ikasema wazi kwamba kideri hakina tiba na anayeuza “dawa ya kideri” anadanganya, kisha ikaeleza chanjo ya tone la jichoni hatua kwa hatua, pamoja na picha aliyojipiga mwenyewe akiwa ameshika kuku kwapani.

Tatu, tulibadili vichwa vya makala kumi hivi vifuate maneno ya watafutaji.

Nne, picha. Alikuwa akipandisha picha za simu kama zilivyo, nyingine megabaiti 4 au 5, kwa wasomaji wanaotumia bando la kupimwa. Tulizipunguza hadi chini ya kilobaiti 150. Alitaka pia kufukuzia alama 100 ya PageSpeed, zana ya Google ya kupima kasi ya ukurasa. Nikamshauri asihangaike nayo, kwa kuwa ni jaribio la maabara. Google wanachokitazama ni kasi wanayoipata watumiaji halisi, na kigezo chao kimojawapo ni kwamba kipande kikubwa kuliko vyote kwenye ukurasa, kama picha au aya, kionekane ndani ya sekunde 2.5. Blogu yenye wageni wachache haina hata takwimu za kutosha kupimwa hivyo. Picha tulizipunguza kwa ajili ya mfugaji kwanza.

Mwisho, tulibadili namna ya kutazama. Mara moja kwa wiki, siku 28 zilizopita zikilinganishwa na 28 za kabla yake, na swali la kwanza likiwa mibofyo. Nafasi anaitazama kwa ukurasa mmoja na neno moja tu.

Matokeo

Baada ya kama miezi mitatu, makala ya kideri ilikuwa nafasi ya 6 kwa “kuku kupinda shingo”, kutoka ya 18. Mibofyo ya blogu nzima iliongezeka zaidi ya maradufu. Nafasi ya wastani ilibaki ishirini na kitu, na hakuna aliyeisikitikia. DA ilishuka hadi 11 kadiri kurasa za kamari zilivyozidi kutoweka, bila mibofyo kutikisika.

Si kila kitu kilikwenda vizuri. Makala ya Gumboro, ugonjwa mwingine wa kuku, ilikuwa nafasi ya 4. Tulipobadili kichwa chake kuwa cha dalili na kuliondoa jina la ugonjwa, ilianguka hadi 9. Wanaotafuta Gumboro wengi wanalijua jina tayari. Wamelisoma kwenye kichupa cha chanjo. Tulilirudisha, ikapanda hadi 6, lakini haijarudi ilikokuwa. Kati ya kurasa nane zilizokuwa nje ya faharasa, tatu ziliingia baada ya kuongezewa maelezo ya maana. Tano bado ziko nje.

Kuhusu duka, mwenye blogu alirudi na picha za Search Console na hesabu ya watu waliobofya kiungo cha WhatsApp cha duka ndani ya makala ya chanjo. Hakutaja DA. Mwenye duka alikubali tangazo la majaribio, akisema ile hesabu ya WhatsApp ndiyo anayoielewa.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi, kwa maoni yangu, ni kuunganisha makala za kideri na kutumia maneno ya wafugaji. Siwezi kuvitenganisha hivyo viwili. Tulivifanya ndani ya wiki zilezile, na picha tukazipunguza wakati huohuo, hivyo anayetaka kujua mchango wa kila kimoja hatapata jibu katika kisa hiki. Blogu ingekuwa kubwa zaidi ningesisitiza tubadili kitu kimoja kisha tungoje. Kwa blogu yenye mibofyo michache kwa siku, kungoja hivyo kungekula mwaka mzima.

Kosa la Gumboro lilitokana na kutumia kanuni moja kwa kurasa zote. Kanuni ya dalili ilitoka kwenye takwimu za kideri. Takwimu za ukurasa wa Gumboro zilikuwepo, zilikuwa zinasema kingine, na zilipaswa kusomwa kabla ya kichwa kuguswa. Ukurasa ulio katika nafasi tano za juu una haki ya kuangaliwa peke yake.

Fedha za viungo zilipotea, lakini chanzo chake kilikuwa swali la mtangazaji aliyetaka uthibitisho na akaomba vipimo alivyovisikia. Mwanablogu mchanga ana nafasi ya kumpa uthibitisho bora kabla hajaulizwa. Duka la mtaani linataka kujua watu wangapi watapiga simu, na hilo linahesabika bila kumlipa mtu yeyote.

Limebaki jambo moja ambalo takwimu hazijaamua. Kideri hushika kasi kiangazi, na miezi mitatu tuliyoipima iliangukia humo. Sehemu ya ongezeko la mibofyo inaweza kuwa ya msimu tu: kuku wengi wanaugua, watu wengi wanatafuta. Kupanda kutoka nafasi ya 18 hadi 6 kwa neno lilelile si kazi ya msimu, ila wingi wa walioona ukurasa unaweza kuwa. Search Console hutunza takwimu za miezi 16, kwa hiyo kiangazi kijacho ataweza kulinganisha miezi hiyohiyo, mwaka kwa mwaka. Kwa sasa anapakua jedwali la kila mwezi na kulihifadhi, ili miezi ya mwanzo isije ikafutika kabla ya ulinganisho huo.